Mkwe Aliyeambiwa Apumzike

Mwenye duka la dobi alikuwa na mdogo wake wa kiume ambaye watu wote walimwita Honi. Si kwamba hakuwa na jina. Alikuwa nalo, tena zuri, ila sauti yake ililizidi nguvu. Akisema "habari za asubuhi" mlangoni, aliyekuwa uani akianika taulo anaitikia. Na pale kwa dobi sauti ya namna hiyo ilihitajika. Mashine za kufulia zilinguruma kutwa, kikaushio kilitetemeka kama gari bovu, na rola ya pasi, kile chuma kirefu cha moto kinachomeza shuka mbichi upande huu na kuitema imenyooka upande wa pili, ilifoka mvuke tangu asubuhi. Honi alikuwa msimamizi. Akitaka kumwita mtu hakumfuata. Alifungua tu kinywa.

Dada yake alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye vidole vilivyokauka kwa sabuni. Alianza kwa kufua nguo za majirani kwenye beseni, akapata nyumba mbili za wageni, kisha hospitali. Wafanyakazi walimwita Mama, hata wale waliomzidi umri. Honi alimwita Dada. Akikasirika alimwita "Dada yangu mimi," na hapo kila mtu alijua kuna jambo.

Hospitali ilipofungua wodi mpya, shuka ziliongezeka mpaka zikawa zinalala mlangoni. Wakati huohuo wakunjaji wawili wakaondoka. Mmoja aliolewa akahama, mwingine alifungua kibanda chake sokoni. Mama akatafuta watu. Vijana wa mtaani walikuja, wakaonja joto la rola, wakakumbuka kwamba wana shughuli nyingine. Mwishowe akaenda ofisi ya kazi. Ofisa wa pale, msichana mwenye miwani na maneno ya kupima, akamwambia kuna watu waliovuka mpaka, wana vibali halali, na wanatafuta kazi.

"Lakini Mama," ofisa akasema, "waajiri wengi wanawachukua leo, baada ya muda wanakuja kunilalamikia kwamba watu wamekimbia. Nikiwauliza mliwaandalia nini, wananitazama tu. Ukiwataka, andaa mahali kwanza. Na watu wako uwaandae."

Mama aliyabeba maneno hayo kama yalivyo na kumkabidhi mdogo wake.

"Kuandaa?" Honi akauliza. "Nipande maua?"

"Mtu anakuja hajui lugha, hajui mlango wa choo, hajui nani ni nani. Atahitaji nini? Fikiria. Mungu alikupa na kichwa, si sauti tu."

Honi hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu. Alitembea ukumbi mzima akijifanya mgeni, akijigonga makusudi kwenye vitu. Aligundua kwamba makapu yote yalikuwa ya rangi moja, na kilichotofautisha nguo za wagonjwa na nguo safi yalikuwa maandishi ya kalamu yaliyokwisha kufutika. Akayapaka rangi: mekundu kwa nguo zisizoguswa bila glavu, meupe kwa zilizotoka kwenye kikaushio. Wafanyakazi wa zamani wakaulizana kwa nini jambo hilo halikufanyika miaka yote, maana hata wao walikuwa wakikosea na kunyamaza. Akatoa mabomba mabovu kwenye stoo ya nyuma, akapiga chokaa, akatia benchi, rafu ya kuwekea vyakula na pazia. Kona moja aliiacha tupu. "Kama wanasali, wasali," alisema. "Kama hawasali, wanyooshe miguu."

Kisha akachora. Juu ya rola palihitaji onyo la kueleweka na mtu asiyesoma Kiswahili, kwa hiyo Honi akachora mkono unaoungua. Mama Pacha, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa rola, alisimama mbele ya mchoro ule mikono kiunoni.

"Honi, huyu jogoo anafanya nini kwenye mashine yangu?"

"Huo ni mkono."

"Mkono wa nani? Una manyoya."

"Ule ni mvuke!"

Mama Pacha hakuwa mtu wa kufurahishwa siku hizo. Siku Mama alipowakusanya wote kuwaeleza habari za wageni, yeye ndiye aliyesimama wa kwanza.

"Mimi nasema wazi, sipendi kunung'unikia jikoni. Mdogo wangu yuko nyumbani hana kazi, halafu tunapaka makapu rangi kuwangojea watu wa mbali. Kwani sisi tumekosa nini?"

"Mdogo wako nilimpa kazi hapa," Mama akasema.

"Ulimpa."

"Akafanya mpaka saa ngapi?"

Mama Pacha akatazama dari. "Mpaka chai."

Ukumbi ukaangua kicheko, na Mama Pacha mwenyewe akacheka, ingawa kwa upande mmoja wa mdomo. Mama hakucheka. Aliwaambia kwamba hakuna atakayeondolewa ili mwingine aingie. Kazi ya walioondoka ilikuwa migongoni mwao, na kila jioni alikuwa akiwasikia wakigumia wanapovua aproni. Hao wanaokuja walikuwa wanakuja kubeba pamoja nao.

"Ninachowaomba ni kimoja," akamalizia. "Tuwatunze. Wako mbali na kwao. Nisisikie mtu amewanyanyasa."

Neno hilo la kutunza liliwaingia wote, tena liliwaingia kuliko lilivyokusudiwa.

Honi aliona bado kuna pengo. Mgeni akifika asalimiwe kwa lugha yake. Mtaa wa pili alikuwepo fundi viatu aliyewahi kuishi ng'ambo ya mpaka, basi kila mchana Honi alikwenda kukaa kwenye kigoda chake, akirudia maneno mpaka wapita njia wakadhani wanagombana. Siku ya kuwapokea wageni alivaa shati la kola, akasimama katikati ya mlango.

Walikuja wawili, mtu na mkwewe. Mbele alikuwa mama mrefu, mkavu, mwenye mwendo wa mtu asiyependa kuchelewa. Nyuma yake alikuwa mke wa mwanawe, binti wa miaka ishirini na kitu, amebeba mkoba wa wote wawili. Kijana mwenyewe, mwana wa huyu na mume wa huyu, alikuwa mbali akifanya kazi ya kutengeneza barabara, na alirudi mara mojamoja.

Honi akavuta pumzi, akatoa salamu yake kwa sauti yote aliyopewa na Muumba.

Mama yule alishtuka. Akamtazama Honi, akamtazama mkwewe, kisha akainama pale mlangoni, akavua viatu, akavishika mkononi.

"Mbona anavua viatu?" Mama akauliza.

Binti akainamisha macho. Kiswahili alikuwa nacho, alikiokota kwenye masoko na vituo vya mabasi, kikitoka taratibu kama maji ya bomba la zamu. "Shikamoo, mama. Huyu baba ametuambia tuvue viatu."

"Mimi?"

"Si lugha yetu, ni ya majirani zetu. Lakini tunaisikia kidogo. Amesema, 'Karibuni, leteni viatu, vueni viatu.'"

Dereva wa gari la nguo alilazimika kutoka nje kushika ukuta. Honi alisimama na shati lake la kola, jasho likimtoka. "Sasa fundi viatu," akasema polepole, na kwake polepole ilikuwa bado kelele, "angenifundisha nini kingine?"

Hivyo ndivyo walivyopokelewa. Mama mrefu hakucheka. Alivaa viatu vyake upya, akaingia.

*

Siku zilizofuata wema ulifurika pale kwa dobi. Kwa kuwa binti alikuwa anamwita mwenzake mkwe, wote wakamwita Mkwe, na mtu akishaitwa mkwe heshima yake inajulikana. Walimtafutia kiti chenye mto, wakakiweka chini ya feni, mbali na mvuke. Wakampa foronya azikunje, maana foronya ni nyepesi. Binti akawekwa pembeni yake ili amtafsirie, na ili watu wa nyumba moja wasitenganishwe. Chai waliletewa mezani.

Mkwe alimaliza rundo la foronya kabla chai haijapoa. Akainuka, akashika kapu jeupe lililojaa shuka. Kijana wa mashine akalirukia. "Hapana, mama, pumzika." Akashika ufagio, ukachukuliwa. "Pumzika, Mkwe." Akasogea kwenye meza kubwa ya kukunjia, akanyoosha mkono kwenye pembe ya shuka, na Mama Pacha akamshika mabega kwa upole, akamrudisha kitini.

Mama Pacha, ndiyo. Alikuwa mtu wa kukataa kwa mdomo na kutoa kwa mikono. Tangu alipomwona mama yule amesimama mlangoni viatu mkononi, moyo wake ulikuwa umelainika kama sabuni kwenye maji, na hakuna aliyesema "pumzika" mara nyingi kuliko yeye.

Honi naye, aliyekaripia kila kiumbe mle ndani mpaka paka, alipofika karibu na kile kiti alishusha sauti ikawa kama ya mtu aliye msibani. "Mnaendeleaje?" alinong'ona. Binti akajibu, "Vizuri, baba." Mkwe akamtazama tu.

Neno la kwanza la Kiswahili alilolijua Mkwe lilikuwa hilo: pumzika. Jioni alirudi nyumbani hana uchovu, na hakula. Binti aliliona, lakini mkwe ni mkwe, hakuthubutu kuuliza.

Wiki ya pili ikapita hivyo. Asubuhi moja kiti chini ya feni kikakaa kitupu. Honi alitoka mlangoni mara kadhaa, akatazama barabara, akarudi. Alipiga simu ya binti, haikupokelewa.

"Dada yangu mimi," akasema, "hawa watu wamewahi lini kuchelewa?"

"Hawajachelewa hata siku moja."

"Basi wanaumwa. Au wamepatwa na jambo."

Mama alikuwa na shuka za hospitali za kusimamia, hivyo akamtuma Honi aende, na kwa kuwa si vizuri mwanamume kwenda peke yake kugonga chumba cha wanawake, Mama Pacha akafuatana naye. Njiani walinunua mkate. Mama Pacha alitembea akijilaumu kwamba jana yake hakuwamiminia chai ya pili.

Chumba chao kilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya umeme, mlango wa mwisho kwenye ujia mwembamba wenye kamba za nguo. Binti alifungua, akawaona, akaweka mkono mdomoni. Ndani kulikuwa na kitanda kimoja, godoro lililosimamishwa ukutani, na begi kubwa lililo wazi sakafuni, limejaa nusu. Juu ya kitanda kulikuwa na aproni mbili za kazi, zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa pembe kwa pembe.

Mkwe alipoona wageni aliacha begi. Akavuta kiti cha pekee kilichokuwepo, akakipangusa, akampa Mama Pacha. Honi akaonyeshwa ukingo wa kitanda. Akaleta maji kwenye sinia. Honi akainuka kumsaidia kubeba, na Mkwe akamwekea kiganja kifuani, akamkalisha.

"Pumzika," akamwambia.

Honi akacheka, akidhani ni utani. Aliangalia nyuso za wale wawili, akaacha kucheka.

"Mnasafiri?" Mama Pacha akauliza.

Binti alisema na mkwewe. Mkwe akajibu kwa maneno mengi, mkono wake ukienda kwenye aproni na kurudi. Binti akasikiliza mpaka mwisho.

"Mkwe wangu anashukuru," akasema. "Anasema mmetufukuza kwa upole sana. Hajawahi kufukuzwa kwa upole hivyo."

"Nani kawafukuza?" Hapo sauti ya Honi ilimtoroka, jirani wa chumba cha pili akakohoa.

"Nyinyi, baba. Kila siku mnamwambia apumzike."

Ikabidi binti aeleze. Kabla ya kuja mji huu walikuwa wakifanya usafi katika nyumba moja ya wageni. Siku moja msimamizi wa kule aliwaita, akatabasamu, akawapa soda, akawaambia: pumzikeni kwanza, tutawaita. Wakakaa na simu katikati yao mchana na jioni, hawatoki hata kuchota maji wote wawili kwa pamoja, mmoja akibaki kuisikiliza. Haikulia. Walipokwenda kuuliza walikuta wengine wamevaa mashati yao ya kazi. Tangu hapo Mkwe analijua neno hilo. Na hapa kwa dobi alilisikia tangu siku ya kwanza, kila saa, kutoka kwa kila mtu, huku wakitabasamu na kumletea chai.

"Anasema bora tuondoke wenyewe kabla ya kuambiwa," binti akamaliza. "Aibu inakuwa ndogo."

Mama Pacha alikuwa ameshika mkate mapajani, ameubana mpaka umepasuka karatasi. "Wee!" akasema kwa sauti ndogo. "Wee, jamani! Wahenga walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tumempa kiti, tukampa na mto. Mimi mwenyewe nilimpokonya shuka mkononi." Machozi yakamlengalenga. "Mwambie ni mimi. Mwambie nilidhani namsaidia."

Binti akasema. Mkwe akamtazama Mama Pacha, akauliza jambo fupi.

"Anauliza, zile shuka za hospitali, nani anazikunja?"

"Hakuna!" Honi akasema. "Zimejaa mpaka mlangoni! Dereva anaziruka kama mbuzi! Mwambie arudi, leo hii."

Safari hii Mkwe alizungumza taratibu, akimtazama Honi usoni. Binti akasita.

"Sema," Honi akamhimiza. "Alivyosema yeye, usipunguze."

"Anasema, wengine wote unawapigia kelele. Wakikosea, kelele. Wakifanya vizuri, kelele. Unampigia kelele hata paka. Ukifika kwetu, unanong'ona. Anasema mtu asiyekaripiwa si wa nyumba hiyo."

Honi alijikuna kichwa. Katika maisha yake watu wengi walikuwa wamemsihi apunguze sauti. Dada yake, majirani, hata mganga wa meno. Huyu alikuwa wa kwanza kuidai.

"Lakini nitampigiaje mkwe kelele?" akauliza kwa uchungu wa kweli. "Hata mkwe wa mtu mwingine ni mkwe!"

Binti alipotafsiri hilo, yule mama mrefu akafunika mdomo kwa ncha ya kitambaa chake, mabega yakaanza kutikisika. Hawakuwa wamewahi kumwona akicheka. Aliokota aproni yake kitandani, akaikung'uta, akaivaa palepale, akafunga kamba nyuma bila kutazama.

*

Mama aliposikia habari yote alikaa kwenye meza yake ndogo, akipangusa vumbi lisilokuwepo. Kisha akampigia simu ofisa wa ofisi ya kazi, akamweleza bila kujificha. Ofisa akamuuliza swali moja: huyo mama akiwa na neno la kusema, anasema kupitia kwa nani?

"Kwa mkwewe."

"Wewe Mama, una la kumwambia bosi wako, ungepitishia kwa mke wa mwanao?"

Mama hakuhitaji kufikiri. Ofisa akamtafutia mwanamke mshonaji aliyekuwa akizungumza lugha yao, akaja mchana mmoja wakati wa mapumziko. Mama akazungumza na kila mmoja peke yake kwenye chumba cha nyuma, pazia limeshushwa.

Binti hakuhitaji mtafsiri. Alisokota kamba za aproni mpaka zikawa ngumu. "Mama, kazi naipenda," akasema. "Lakini kukaa naye meza moja kutwa nzima... Nyumbani niko naye, njiani niko naye. Watu wakisema jambo la kuchekesha siwezi kucheka, naogopa atauliza nacheka nini. Ukiniweka mbali kidogo utanisaidia. Ila tafadhali usimwambie, atadhani simpendi. Nampenda. Ndiye mama yangu hapa."

Kisha akaingia Mkwe na mshonaji. Maneno yalimtoka Mkwe kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Mshonaji alisikiliza, akaanza kutabasamu.

"Anasema yule binti ni hodari, hana neno naye. Ila binti anamtazama siku nzima kama mtu aliye kwenye mtihani. Yeye mwenyewe hawezi hata kukosea mbele yake, maana mkwe hapaswi kuonekana hajui. Anaomba awekwe mbali naye. Na anaomba sana usimwambie binti, ana moyo mwepesi."

Mama alizibeba siri zote mbili bila hata kupepesa, akawatangazia wote kwamba kwa ajili ya mahitaji ya kazi kutakuwa na mabadiliko. Binti akahamishiwa mbele, kupokea nguo za wateja, ambako alicheka na kila aliyeingia. Mkwe akapelekwa kwenye rola.

Rola inataka watu wawili wanaosikilizana. Shuka mbichi inashikwa pembe mbili, inanyooshwa kwa pamoja, inaingizwa kwa pamoja. Mmoja akivuta kabla ya mwenzake, inaingia kombo na kutoka na mikunjo kama uso wa kikongwe. Mama Pacha na Mkwe hawakuwa na lugha. Siku ya kwanza waliharibu nyingi. Siku ya pili Mama Pacha alianza kutikisa kichwa kidogo kabla ya kuingiza, na Mkwe akaanza kugonga mguu sakafuni, na kati ya kichwa na mguu wakapata mwendo wao.

Honi alizunguka mbali. Kila mtu alijua anangojewa apige kelele. Dereva alikuwa ameshika mlango wa gari, haondoki, anataka kusikia kwa masikio yake. Shuka moja ndefu ya wodi mpya ikaanza kwenda upande. Honi akaiona. Akafumba macho, akayafumbua.

"MKWEEE! Shuka inakwenda kombo! Vuta kuliaaa!"

Ukumbi wote ukasimama. Mkwe alivuta kulia, shuka ikanyooka, ikaingia. Kisha, bila kugeuza kichwa, akapaza sauti kwa lugha yake, maneno marefu yaliyopanda na kushuka, na ya mwisho akayakazia.

Honi akakimbilia mbele kwa binti. "Amesema nini?"

Binti alikuwa anahesabu vifungo vya shati la mteja kwa bidii kubwa. "Amesema sawa, baba."

"Maneno yote yale?"

"Lugha yetu ni ndefu."

Honi alirudi mahali pake akiwa na furaha iliyoonekana hata kwa mgongo.

Kwa kuwa Kiswahili Mkwe alikipata kwenye rola, alichokipata kilikuwa Kiswahili cha Mama Pacha, pamoja na mikono kiunoni. Alijua kusema "usinichezee" kabla hajajua kusema "kesho." Alijua "hebu nipishe," "mtoto wa watu," na "nani kaleta takataka hii?" Mama Pacha naye akawa anagonga mguu hata akiwa nyumbani anakunja nguo za pacha wake. Mchana walikula pamoja kwenye benchi la chumba cha nyuma, kila mmoja akisogeza chakula chake kuelekea kwa mwenzake, wakibishana kwa lugha mbili nani hajashiba.

Mambo hayakunyooka yote. Kijana mmoja wa mashine alimwiga Mkwe anavyotamka maneno, na Mama akamwita ofisini. Alitoka masikio yakiwa ya moto, hakurudia. Kibali cha binti kilichelewa kuongezwa muda, na Honi alikaa naye ofisi ya vibali foleni nzima ya asubuhi, akiombwa kila baada ya muda apunguze sauti. Na siku nyingine Mkwe alikuwa mzito tu, hasemi na mtu, na Mama Pacha alijifunza kutouliza, akigonga tu mguu taratibu zaidi.

Siku moja mwana akaja. Alikuwa amepata likizo kazini, amekuja moja kwa moja na vumbi la barabara kwenye nyusi. Mkewe alimrukia pale kwenye meza ya kupokelea, mbele ya wateja, kisha akaona aibu, akamwonyesha mlango wa ndani. Kijana akasimama kizingitini, amevua kofia. Njia nzima alikuwa amepanga maneno ya kumshukuru msimamizi na mwenye mali kwa kumtunzia watu wake.

Alichokikuta ni mama yake, aproni kiunoni, mkono mmoja ukielekeza kwenye kapu jekundu, akimfokea mwanamume mnene kwa Kiswahili.

"Nani kaleta takataka hii hapa? Usinichezee, Honi! Hebu nipishe!"

"Nimepisha, Mkwe! Nimepisha!" yule mwanamume alinguruma, akirudi nyuma na kapu lake.

"Huyu ni mama yangu?" kijana akamuuliza mkewe.

"Ndiye."

Mkwe akamwona. Uso ukamfunguka wote, akamjia haraka, akamshika mashavu kwa mikono yenye joto la pasi, akamnong'oneza mambo ambayo hata mshonaji asingeyatafsiri. Kijana akaanza hotuba yake. Alifika kwenye "kwa niaba ya ukoo wetu," gari la hospitali likapiga honi uani. Mkwe akatazama rundo lililobaki, akatazama meza, ambako Mama Pacha alikuwa ameshika shuka peke yake. Akachukua pembe mbili za shuka nyingine, akamtia mwanawe pembe mbili mkononi.

"Vuta," akamwambia.

Kijana akavuta. Alivuta kwa nguvu za mtu wa barabara, shuka ikamponyoka mama yake, ikamfunika Honi aliyekuwa akipita, na kwa mara ya kwanza tangu pale kwa dobi pafunguliwe, watu walimsikia Honi akicheka, si akikaripia, kabla ya kumwona.